Mshika Miguu

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Damien, zima hiyo simu. Na wewe Joël, unayeitwa Salum tangu ulipoanza kusali msikitini Mayfair, usisimame hapo kama mgeni, keti kitandani kwa mama yako. Yolande, mjukuu wangu, najua utanijibu Kizulu, lakini Kiswahili unakisikia, basi sikia.

Marehemu baba yenu, Hugues, alizaliwa kwa mabwana wa Ufaransa, ukoo wenye ngome ya mawe, kama Baganwa, watu wa ukoo wa mfalme, kwetu Burundi. Alinihadithia kwamba zamani babu zao walikuwa ndugu wawili, mmoja Mkatoliki, mwingine Mprotestanti, wakauana kwa ajili ya sala, na mpaka yeye anakua, pande mbili za ukoo hazikugusa mkate mmoja. Siku alipokwenda kula upande wa pili, baba yake akamfungia mlango. Ndiyo akaja Bujumbura kununua kahawa, akanioa mimi.

Siku ya harusi yetu, pale Buyenzi, akachinja mbuzi kwa mkono wake, akidhani ndiyo heshima. Majirani Waislamu wakanawa, wakaketi, wakala wali mkavu. Mzungu wa watu akaona ngome ya kwao imemfuata. Tangu hapo kisu akampa jirani yetu Bakiri, na yeye, mtoto wa mabwana, akapiga magoti vumbini akamshika mnyama miguu. Watu wakamcheka, wakamwita Mshika Miguu. Akaitika.

Mwaka ule wa mauaji askari wakaja kumtafuta Bakiri, naye yuko chini ya kitanda chetu. Baba yenu akasimama mlangoni, akawaambia, "Bakiri ndiye mchinjaji wangu. Mkimchukua, mimi nitakula nini?" Mkubwa wao akacheka, wakaenda zao. Mimi sikucheka, kanga ilikuwa imelowa.

Sasa nyinyi. Damien, Idi ulisema huli nyama iliyosomewa. Joël, Pasaka ukaja na bakuli lako, ukala peke yako ndani ya gari, mtaa wetu mzima wa Turffontein unakutazama. Eish, wanangu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru katika mji huu wa Jozi tuliohamia hawakosekani.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiiuze. Cherehani ni ya Yolande. Ile pete ya ukoo wa baba yenu, mkianza kuigombania tu, Yolande aiuze, bati lipakwe rangi.

Nizikeni kikanisa, ndivyo nilivyobatizwa. Matanga yangu ni mbuzi mmoja, chungu kimoja. Siyo viwili. Kisu ashike Joël, ataje jina la Mungu kwa sauti. Damien, wewe ndiye mkubwa, wewe piga magoti ushike miguu. Usitume mtu. Shika mpaka itulie.

Niinueni kidogo... Maji. Mungu awakalishe sinia moja, nyinyi na watoto wenu... Leteni mikono. Huu wa nani?... Na huu?... Haya. Msiachie.