Kuruka Kutoka Kwenye Lori

Juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, Zakia, mchuuzi wa Tunduma, aliutazama mkono wa Tusekile uliofungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. "Ulianguka, mdogo wangu?"

"Wala, dada. Nilikamua blanketi tu, mfupa ukavunjika."

"Unatumia dawa gani?"

"Za kifafa, tangu usichana." Abiria wa karibu wakasogea mbali naye, ingawa pa kusogea hapakuwepo.

"Kaka yangu alizimeza miaka mingi," Zakia akasema. " Daktari alisema zinaweza kudhoofisha mifupa polepole."

Tusekile akadakia: "Basi naziacha leo!"

"Uziache uangukie motoni? Kawaambie hospitali wakupime mifupa!"

Lori likasimama Tunduma. Abiria wakaruka chini, kama Tusekile mwenyewe alivyoruka siku zote. Leo aliteremsha mguu mmoja, akachungulia ardhi, akaurudisha.

"Ruka, mama!" dereva akafoka. "Tunashusha mzigo!"