Damien wa Radi Kavu Yu Hai

Yu hai! Jamani, Damien yu hai! Damien mpiga ngoma wa Radi Kavu, yule ambaye kila mwezi wa nane tunasimama kimya kwa ajili yake na kufuta machozi, anapumua, anakula vizuri, anaishi Randburg kwa binti yake, na mtoto wangu Carmel ndiye aliyemvumbua!

Haya, limetoka. Nilipewa karatasi ya mpangilio imeandikwa salamu kwanza, lakini neno hili nimelishika tangu Alhamisi, usingizi sina, na jana nimemsuka mteja mistari, upande mmoja inakwenda mbele, upande mwingine inakwenda nyuma. Nisingeweza kuvipitia vyeo vyenu vyote nikiwa bado nimelibeba. Sasa nisalimie kama watu.

Mheshimiwa papa Évariste, baba na mwenyekiti wetu, unayepumzika leo baada ya miaka kumi na minne ya kuongoza Chama cha Wapenzi wa Radi Kavu. Mchungaji wetu, uliyetupa ukumbi huu bila kuuliza muziki wa roki ni wa dhehebu gani. Ndugu Bakiri, katibu wetu, mwana wa Tanga uliyeipenda bendi ya Lubumbashi kuliko wenyeji wake. Wanachama, majirani wa Yeoville na Bellevue, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau mkapanda ngazi mkidhani ni harusi: nawasalimu wote kwa heshima. Mimi ni mama Jeannine, msusi. Shule nilifika darasa la sita. Lakini ni mama wa Carmel, na hicho cheo, samahani wenye digrii, sibadilishani na mtu.

Kwa wageni nieleze haraka, maana naona mnatazamana. Radi Kavu walikuwa vijana wanne wa Lubumbashi, miaka ya sabini, nywele kama vichaka, suruali pana chini ambazo sisi tunaita pati na Bakiri anaita bugaluu, na magitaa ya umeme yenye kelele ambayo mama yangu aliyafungia madirisha. Wakatoa sahani mbili tu za santuri, kisha kimya. Sahani mbili! Na sisi hapa Johannesburg tumezibishania kila Jumapili kwa miaka kumi na minne, nyuma ya saluni yangu, baada ya ibada, hata wake na waume zetu wakachoka kutuuliza tunachokitafuta humo.

Tunatafuta nini? Nani hapa hajui kwamba kwenye picha ya sahani ya kwanza wako watu watano, na bendi ilikuwa ya watu wanne? Nani hajui kwamba yule wa tano ni fundi aliyeshona zile suruali, akakataa kutoka mbele ya kamera? Nani hajui kwamba toazi la ngoma za Damien lilipopasuka alifunga mfuniko wa sufuria ya shangazi yake, na shangazi akapanda jukwaani kuuchukua kwa sababu maharagwe yalikuwa yanamwagika nyumbani? Hayo ndiyo mali yetu. Wengine wana mashamba.

Na sheria yetu mnaifahamu. Huingii chamani mpaka ulete neno jipya, jambo moja la Radi Kavu ambalo hakuna mwanachama anayelijua. Likiwa jipya, Bakiri analiandika kwenye daftari na kulipa namba. Likiwa linajulikana, unakwenda kugawa soda na kuosha glasi. Carmel wangu ameosha glasi mara tatu. Binti aliyezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila kukisema anakivunja kidogo, anasimama mbele ya wazee, anatoa neno lake, na Bakiri anajibu bila hata kumtazama: "Binti, hilo nalijua tangu mama yako hajatoboa masikio. Lete Fanta." Na mwingine, simtaji, yuko hapo karibu na feni, akasema, "Huyu aende kwenye muziki wa rika lake." Mtoto alilia pale kwenye sinki. Mimi nilimwambia, lia, kisha urudi. Je, nilikosea? Jibuni wenyewe.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pa kusikiliza. Sahani ya pili, upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna kikohozi. Kila mwanachama anakijua. Gitaa linalia, ngoma inakwenda, halafu koh-koh-koh. Tangu chama kianze tumeambiwa kile ni kikohozi cha Damien, kifua kilishamwingia, na baada ya miezi michache akafa Likasi, papa Évariste mwenyewe akalibeba jeneza. Ndiyo maana kila mwaka tunaweka sahani ile, tunasikiliza mpaka kwenye kikohozi, papa Évariste ananyanyua sindano, tunasimama. Hakuna aliyethubutu kuiacha iendelee. Hata wakiwa nyumbani watu wanaruka pale, wanasema ni kama kusikiliza mtu anakata roho.

Mwezi wa sita mwaka huu Carmel alikuwa anafagia saluni peke yake, gramafoni inacheza. Hakuinyanyua ile sindano. Nikiwa nje na mteja nikasikia, "Mama! Mama, njoo!" Nikakimbia na kitana mkononi nikidhani kuna moto. Akaniambia, "Sikia. Baada ya kukohoa. Kuna mtu anacheka." Nikasema, ni sahani imekwaruzika. "Eish, mama, sikia na masikio. Anakohoa, anacheka, na ngoma haisimami. Mtu anayekufa anacheka hivyo?"

Ndugu zangu, ni kweli anacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kama cha mtoto aliyeiba sukari. Miaka kumi na minne tulikuwa tunanyanyua sindano sekunde mbili kabla ya kukisikia.

Mtoto wangu hakuja kwenu na hilo. Angeweza, lilikuwa neno jipya, mngemwandika siku hiyohiyo. Yeye akakikata kile kicheko kwenye simu, akakituma kwa watu kwa WhatsApp na maneno manne tu: nani anakijua kicheko hiki? Kikazunguka. Kikaenda Durban, kikaenda Lusaka, kikaenda Lubumbashi kwenyewe, watu wakamtukana, wakamwambia hana kazi. Baada ya wiki tano mwanamke mmoja wa hapa hapa, Randburg, jina lake Masika, akajibu: "Huyo ni baba yangu. Ameketi mbele yangu anakula ndizi. Nyinyi ni nani?"

Alhamisi tulikwenda, mimi na Carmel, kwa kubadili taksi mbili. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu, miaka sabini na moja, mgongo umepinda, mikono mikubwa kama makasia. Akatutazama juu mpaka chini. "Nyinyi ndio mnaonizika kila mwaka?"

Nikasema, "Ndiyo, papa. Utusamehe."

"Mwaka jana mlikula nini?"

"Kuku, papa. Na ugali wetu wa bukari, na majani ya sombe."

"Kuku," akasema, akamgeukia binti yake. "Umesikia, Masika? Wanachinja kuku kwa ajili yangu, na mimi hapa unanipa uji wa oats."

Tukacheka mpaka Carmel akakaa chini. Kisha mtoto wangu, kwa Kiswahili chake kile kile mnachokicheka, akamuuliza maswali mawili saa nzima, yaani kila jibu lilizaa mengine. Na kile kikohozi? Karanga. Alikuwa na karanga mdomoni, ganda likampalia, akakohoa, mpiga besi akamkodolea macho, naye akacheka. Fundi wa studio akasema hakuna tepu nyingine, acheni hivyo hivyo. Karanga, jamani! Machozi yangu ya miaka yote hiyo!

Na akasema atatupigia ngoma. Mara moja. Kwa sababu mwisho wa mwezi Masika anampandisha basi kurudi Lubumbashi, na safari ile kwa mgongo ule si ya kwenda na kurudi. Atapiga, lakini ana sharti. Mnajua kwa nini aliacha muziki? Onyesho lao la mwisho, Likasi, ukumbi wa viti mia mbili, walikuja watu tisa. Alipiga mpaka mwisho akitazama viti, akatoka, hakushika tena vijiti mbele za watu. Akaniambia, "Mama, nikifika nikaona viti vitupu, nageuka mlangoni. Sitafanya hivyo mara ya pili. Sina hasira, nakwambia tu mapema." Amesema hivyo akichezesha vijiko viwili juu ya meza, na mezani pale kikombe hakikutulia.

Ndiyo maana sikai. Msinivutie kiti mpaka nijue viti vya kwetu vitajaa.

Sasa, papa Évariste. Mwenyekiti wangu. Ijumaa nilikuja kwako kwanza, peke yangu, kabla ya mwanachama yeyote, kwa sababu ya heshima yako. Na ulinijibu, hukuficha: "Mtu niliyembebea jeneza kwa bega hili hawezi kuja kunipigia ngoma. Akija yeye, mimi siji." Nikarudi nyumbani na hilo. Na kila mtu hapa anajua kwamba ukibaki nyumbani, nusu ya chama inabaki na wewe. Hawa watu ni wako. Ni wewe uliyewakusanya, mmoja mmoja, kutoka kwenye foleni za vibali pale Home Affairs, kutoka kwenye vituo vya taksi, ukimwona mtu mpweke unamuuliza, "Unaijua Radi Kavu?" Mimi uliniuliza mbele ya kiduka cha spaza cha kona, mwaka wangu wa kwanza hapa, sina ndugu, sina Kizulu, sina hata sweta. Nikajibu naijua, na tangu saa ile nina watu. Nani mwingine amefanya kazi hiyo katika mji huu? Kanisa lenyewe lilikuja la pili, mchungaji anisamehe.

Kwa hiyo leo nakupa zawadi ya kustaafu, na ni hii. Fungua daftari, Bakiri. Neno namba kumi na moja. Soma. Usione haya, soma.

Amesoma: "Mwimbaji alivaa soksi moja nyekundu, ameshuhudia mama Jeannine, aliyecheza naye jukwaani Katuba." Mmelinukuu hilo miaka yote. Bakiri ameliapia wallahi mbele ya watu. Jamani, sikucheza na mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, baba hakuniruhusu, nilikuwa nyuma ya ukuta wa ukumbi nimeketi juu ya debe, nasikiliza. Soksi niliitunga siku uliponipokea, papa, kwa sababu nilitaka uniandike. Na Alhamisi Carmel wangu, anayeniamini, akamuuliza mzee Damien habari za ile soksi. Mzee akanitazama sana. "Soksi? Vile viatu tulivaa miguu mitupu, ndiyo maana vilinuka." Nilitamani sakafu inimeze mbele ya mtoto wangu mwenyewe.

Ifute, Bakiri. Piga mstari.

Basi, papa, kama wewe ulikuwa kijana, na bendi imenyamaza, na habari zikaja kwamba mpiga ngoma amekufa, na ukalia kweli, na kila ulipoisimulia ukajisogeza kidogo karibu na jeneza, mpaka siku moja ukawa umelishika, mimi ni nani wa kukucheka? Nilikaa juu ya debe, kwa maneno nikapanda jukwaani. Tuko wawili. Sikusemi. Nimekuja kukaa upande wako.

Na huyo mzee hana kinyongo. Nilimweleza, ndiyo, nilimweleza yote. Akacheka kile kicheko cha puani, akasema: "Mwambie aliyebeba jeneza langu kwamba ngoma kubwa ni nzito kuliko mimi, na mgongo wangu haupandi ngazi nayo. Namhitaji yeye. Bega lile lile."

Huo ndio ujumbe, nimeufikisha neno kwa neno.

Ngojeni. Nyamazeni kidogo huko nyuma. Papa Évariste amesimama.

Anauliza... sema kwa sauti, papa, wakusikie wote. Anauliza ngazi za ukumbi huu ni ngapi.

Kumi na saba, papa. Nilizihesabu asubuhi nikipandisha sufuria. Na kuna kona moja mbaya katikati, pale utapumzika.

Msipige vigelegele bado, nitalia, nami bado sijamaliza. Bakiri, kalamu hiyo hiyo uliyofutia soksi, andika: Carmel, binti wa Jeannine, amezaliwa Johannesburg, ameleta neno jipya. Namba yake mtaipanga wenyewe, lakini leo glasi zinaoshwa na yule aliye karibu na feni.

Kwako mwenyekiti, shukrani zetu hazitoshi kwenye karatasi. Kwako mchungaji, kwa ukumbi. Kwenu wote, kwa kunivumilia nikiwa nimesimama mchana kutwa kama mshumaa. Viti vya ukumbi huu ni mia moja na ishirini, na nitasimama mlangoni mwenyewe kuwatazama mkiingia. Njooni na waume, na wake, na watoto wasiojua Kiswahili, na jirani anayelalamika kelele. Ni siku ile ile tuliyozoea kumlilia: Jumapili, tarehe ishirini na sita mwezi huu wa nane, saa tisa alasiri.