Pacha wa Meza ya Sita

Ndani ya basi la jiji la Milwaukee, Marekani, Jumapili asubuhi, DJ mmoja wa harusi alikuwa ameweka spika miguuni na kukumbatia chungu cha maua kama mtoto mwenye homa. Mwanamke aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua hata kidogo, akampa pole na kumuuliza nani amefariki.

"Hakuna, mama. Hii ni zawadi ya mchezo. Kila meza, aliyezaliwa tarehe iliyo karibu zaidi na ya harusi anaondoka na maua. Miaka kumi na moja sijagombana na mtu. Jana meza ya sita nikakuta pacha, Norbert na Leonard, watu wazima wa miaka sitini."

"Si ungempa aliyetangulia kuzaliwa."

"Kila mmoja alidai ni yeye. Nikampelekea mama yao wa miaka tisini maikrofoni."

Yule mwanamke akafumba macho. Hata mimi niliyeketi kiti cha nyuma yao najua mtu wa miaka tisini hapewi maikrofoni.

"Akasema aliyetangulia ni Norbert, ila aliwachanganya siku moja akiwaogesha wakiwa wachanga, na tangu hapo amekuwa akibahatisha."

"Mbele za watu?"

"Mia mbili."

"Basi ungewagawia maua nusu kwa nusu, kijana, yaishe."

"Maua walishayasahau, mama. Wanagombania nani ndiye Norbert."

Basi likasimama kituo cha DJ, naye akashuka na spika na chungu chake. Mlango ulipoanza kujifunga, yule mwanamke akapaza sauti, "Na mke wa Norbert je, aliondoka na nani?"