Kurasa Mbili za Sigbritt Ahlkvist

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo sina mgeni studioni. Nina jina moja tu: Sigbritt Ahlkvist. Mtafsiri wa vitabu arobaini na kimoja kutoka Kireno kwenda Kiswidi. Ametutoka Jumanne iliyopita, mjini Hjo, akiwa na miaka tisini na mmoja. Wengi wenu mmemsoma bila kumjua. Jina la mtafsiri huandikwa kwa herufi ndogo, na sisi wasomaji tuna haraka zetu.

Mpo mlioniandikia kuuliza. Msomi wa kiwango kile, mbona hakufundisha chuo kikuu? Mbona alifundisha sekondari miaka thelathini na mmoja, akisahihisha insha za vijana wanaopiga miayo? Nitawaambia. Ni kwa sababu ya kurasa mbili.

Tuanzie nyumbani kwao. Februari, mwaka wa arobaini na tano. Sigbritt ana miaka kumi na mitatu, mdogo wake Holger ana kumi. Mama yao anaumwa chumba cha juu. Asubuhi moja baba anashuka ngazi, anawasha jiko, anatenga kahawa na mkate, anawaambia watoto waje wale. Kisha anavaa kofia yake na kwenda kiwandani kupasua mbao. Holger sasa ana miaka themanini na minane, na nilizungumza naye kwa simu juzi.

"Hakuna aliyetuambia kitu," alisema. "Tulijua kwa sababu alitenga vikombe vitatu, si vinne."

Basi. Ndivyo walivyolelewa, na wengi wetu huku tunaijua nyumba hiyo. Kaka na dada hawakumtaja mama yao tena kwa miaka kumi na sita.

Sigbritt akakua, akaenda chuo kikuu, akajifunza Kireno. Kwa nini Kireno? Malena, binti yake Holger, anasema shangazi yake alipenda lugha ambayo jirani hawezi kuisikiliza kupitia ukutani. Kiangazi kimoja alikwenda Lisboni, akarudi na sanduku la vitabu na nguo mbili tu. Humo sandukuni kulikuwa na riwaya ya Benedita Salgueiro, mama ambaye huku hakuna aliyekuwa amemsikia.

Ni hadithi ya Isaura na mumewe, msaga nafaka. Mwishoni mwa ukurasa mmoja mume anaumwa, yuko kitandani, anaomba supu. Unafungua ukurasa, Isaura amevaa nyeusi na anaendesha kinu peke yake. Kifo hakikutajwa hata kwa neno moja. Sigbritt alipofika hapo aliweka kitabu chini akatoka kutembea. Hakuwahi kusoma kitu cha kweli namna ile.

Akaitafsiri. Ikatoka msimu wa vuli, mwaka wa sitini, na magazeti yakaisifu, hasa mruko ule. Papo hapo akaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya mwandishi huyo. Sura ya nne, kurasa sitini nzima, ilihusu kimya cha msiba. Profesa wake, Evald Brunnström, mtu mgumu kusifu, alisema sura ile itampa cheo.

Mei, mwaka wa sitini na mmoja. Mnajua desturi yetu: wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu, unaigongomea kwa msumari kwenye ubao wa chuo, mbele ya watu, ili yeyote aisome. Holger aliomba ruhusa kiwandani akaja kumshuhudia dada yake. Sigbritt akapiga nyundo, akajigonga kidole, watu wakacheka. Kisha wakaenda chumbani kwake kunywa kahawa.

Sasa sikilizeni vizuri. Enzi hizo vitabu vya Ureno vilikuja kurasa zikiwa bado zimeshikana pembeni. Unakata mwenyewe kwa kisu kadiri unavyosoma. Dada mtu alikuwa anachemsha maji. Holger, ambaye Kireno hajui hata salamu, akawa anakipekua kile kitabu kwa vidole vya fundi.

"Dokta," akamtania, "kisu chako ni butu. Hapa hukukata."

Sigbritt akasema haiwezekani. Holger akamwonyesha. Ukurasa wa mia moja na kumi na tatu, kisha mia moja na kumi na sita. Katikati kulikuwa na mkunjo uliofungwa, na ndani yake kurasa mbili ambazo hazikuwahi kuona mwanga. Holger akatoa kisu cha mfukoni, akakata.

Maji yalichemka mpaka yakakauka. Sigbritt alisoma akiwa amesimama. Holger akamwomba amsomee kwa Kiswidi, naye akatafsiri hapo hapo, neno kwa neno. Humo ndani mume anakufa, tena anakufa akiongea. Anamwambia Isaura viatu vizuri ampe kaka yake. Anamwambia supu yake imepungukiwa chumvi miaka thelathini. Isaura anafoka: mbona hukusema? Anajibu kwamba aliogopa ataacha kupika. Wanacheka wote wawili. Anamshukuru, anamuaga, anamwomba afungue dirisha.

Wasikilizaji wapendwa, kile kimya hakikuwepo. Mwandishi hakukiandika. Kurasa sitini za tasnifu zilisimama juu ya mkunjo wa karatasi. Na mwanamke aliyehesabu tanbihi zake mia mbili na kumi na mbili hakuona namba za kurasa zikiruka, kwa sababu watu wakifa bila neno, yeye aliona ni kawaida. Aliyelelewa kwingine angeuliza: mbona hawakuagana?

Holger alicheka kuhusu ile supu, halafu akalia. Akamuuliza dada yake kile ambacho hakuwahi kukiuliza: mama alikuambia nini? Sigbritt akasema, "Aliniambia niende kumwagilia maua. Nikaenda." Walikaa pale hadi treni ya jioni, wakimzungumza mama yao, na Holger anaapa kwamba ndiyo mara ya kwanza alimsikia dada yake akitaja jina la mama.

Kesho yake akaenda kwa Profesa. Brunnström alifunga mlango.

"Bi Ahlkvist, mpinzani wako, yule atakayekuhoji siku ya utetezi, hasomi Kireno. Mimi sisomi Kireno. Mji huu mzima anayekisoma ni wewe. Nyamaza, chukua cheo chako, toleo la pili utalisahihisha polepole."

"Profesa," alijibu, "nimeshaandika kurasa sitini za kusifu kunyamaza. Zinatosha."

Alijua anachokipoteza. Siku hizo alama ya tasnifu ndiyo iliyoamua nani afundishe chuo kikuu na nani akatafute kazi kwingine. Alikuwa ameisubiri nafasi ile miaka saba. Lakini akapiga chapa karatasi moja. Upande mmoja, zile kurasa mbili kwa Kiswidi. Upande wa pili, sentensi moja: Sura ya nne imejengwa juu ya kosa langu mwenyewe. Akaenda ubaoni akaigongomea chini ya tasnifu yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu hupenda kuona mtu akianguka, tusidanganyane. Mpinzani alimchambua saa mbili na nusu, na kila mara Sigbritt alijibu, "Ni kweli." Alifaulu, lakini kwa alama ya chini. Udaktari akapata, mlango wa chuo ukafungwa. Msimu wa vuli alianza kufundisha sekondari.

Akamwandikia Benedita Salgueiro, akaungama. Mama yule akajibu kwa kadi ya posta kwamba amefarijika. Alikuwa amesikia habari za watu wa nchi za baridi, na kama angeambiwa wamezitoa zile kurasa kwa adabu, angeamini. Toleo la pili lilitoka na kurasa zote. Ndilo mlilo nalo kabatini.

Vitabu vingine arobaini vilifuata, vyote baada ya kazi ya shule. Na kila kimoja, kabla hakijakwenda kwa mchapishaji, Holger alikaa Jumapili nzima mezani kwa dada yake akihesabu kurasa za kitabu cha Kireno kwa kidole gumba, kwa sauti, huku akila mikate ya mdalasini. Malena anasema ilichosha kuliko ibada.

Je, alijuta? Malena alimuuliza.

"Kila Septemba," shangazi alimjibu. "Masomo yakianza kule chuoni, najuta kama wiki mbili hivi. Halafu madaftari yananijaa mezani, nasahau."

Najisikia vibaya kusema hili, lakini ninyi mnastahili ukweli: tulimpa heshima kidogo. Tuzo moja, na hotuba ambayo jina lake lilikosewa.

Jumatatu iliyopita, mchana, alimwita Holger hospitalini. Nilimuuliza mzee kama naweza kuyasema haya hewani. Alisema niyaseme.

"Alinisema nusu saa nzima," Holger alisimulia. "Kwamba kofia yangu ni aibu ya ukoo. Kwamba marehemu mke wangu alinivumilia sana. Muuguzi alikuja, akaambiwa arudi baadaye. Halafu akaniambia nilikuwa kaka mzuri. Nikamwambia naye alikuwa dada mzuri, na kwamba nitamkumbuka kila siku. Baada ya hapo tukanyamaza, maana hakukuwa na kilichobaki."

Mzee Holger, Malena, na ninyi mliopita darasani kwake, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Sigbritt Ahlkvist, mtafsiri, mwalimu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini leo ni nani hamjamwambia. Mimi nikitoka hapa nampigia baba yangu. Hatujazungumza vizuri tangu Krismasi. Kama nanyi mnaye mtu wa namna hiyo, zimeni redio sasa.