Sehemu ya Tatu Haikatwi

Ndugu Mgeni Rasmi, karibu Msimbati. Barabara umeiona, nasi tunakushukuru kwamba hukugeuza gari. Risala hii haikupelekwa kwa mtu yeyote kusafishwa. Anayesoma ni mimi Bwanaheri, mwenyekiti, niliyeishia darasa la nne, lakini maneno ni yetu wote ishirini na sita.

TULIKOTOKA

Wakati wa vita vya Msumbiji, wapigania uhuru walipita kijijini kwetu. Tuliwaficha, tukawalisha muhogo na samaki, tukawafunga majeraha. Hatujuti. Vita vile vilikuwa vyetu pia. Vijana wale walikaa miezi, wengine mwaka mzima. Walipenda, wakapendwa. Wengine walifunga ndoa msikitini hapa, tukala pilau. Kisha kila mmoja alivuka Ruvuma akiacha neno lilelile: "Nitarudi msimu wa korosho."

Mwaka huu wenzetu wamepata uhuru. Tulicheza ngoma siku tatu huku macho yetu yakiwa mtoni. Hakuja hata mmoja. Watoto wao kumi na mmoja wako hapa.

Kosa letu tunalikiri. Majina tuliyoyaandika kwenye ndoa yalikuwa majina ya vitani. Hakuna aliyeuliza jina alilopewa mtu na mama yake, maana tuliona kumuuliza mpiganaji ni kumshuku. Sasa barua zetu zinarudi: "Mtu huyo hatumfahamu."

MCHEZO WETU

Bibi Mwaisha na wenzake walioachiwa watoto hao walitunga nyimbo, sisi wanaume tukapiga ngoma, ukawa mchezo wa jukwaani wa sehemu tatu. Ya kwanza ni mapenzi. Ya pili ni vita na ushindi. Ya tatu ni watoto wenyewe.

Huku kwetu, mtoto anapotoka jando huitwa mbele ya watu kwa jina lake na la baba yake, na watu wa upande wa baba huitikia, "Ni wetu!" Katika sehemu ya tatu mtoto husimama, huitwa, na ngoma hunyamaza. Haitikii mtu. Basi.

Tumeucheza Mikindani na Likombe. Likombe mzee mmoja alishindwa kuvumilia, akapiga kelele kutoka nyuma, "Ni wetu!" Hakuwa hata jamaa yao.

KINACHOTUUDHI

Tumechaguliwa kufuatana nawe wiki ijayo kwenye ujumbe wa ujirani mwema ng'ambo ya mto. Tulifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja afisa mmoja, jina lake tunaliacha, akasema sehemu ya tatu iondolewe.

"Wenyeji wetu hawatapenda kusikia mambo ya chumbani," alisema.

Mwaisha akamjibu, "Kwani baba yangu, wewe ulizaliwa barazani?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Imbeni mapenzi na ushindi. Watoto wabaki nyumbani."

Ndugu Mgeni Rasmi, tumekasirika. Mapenzi yanafaa kuimbwa, ushindi unafaa kuimbwa, ila kilichozaliwa humo ni aibu? Tulipoombwa muhogo, hakuna aliyetuambia mambo ya jikoni yasitajwe. Damu yao tuliifua kwenye kanga za wake zetu. Leo wanaotakiwa kufichwa ni watoto.

TUNAOMBA

Hatuombi bati wala gari. Ismaili mtoto wa Mwaisha, Hamisi wa Hadija na wenzao wawili wanaingia jando mwaka huu. Tunaomba mchezo uvuke mto ukiwa mzima, na watoto wote kumi na mmoja wavuke nao. Majina ya kweli ya baba zao hatuna, lakini sura za watoto zipo. Wasimame jukwaani, waitwe, na wale wapiganaji wa zamani watakaokaa viti vya mbele wawatazame. Mwenye kumtambua mwanawe ataitika. Asiyetaka kuitika, tutamwona anavyoinamisha kichwa.

Ukikataa, nenda na kikundi kingine. Sisi nusu ya mchezo hatuchezi, na jibu tunalitaka leo, hapahapa, watoto wakisikia. Wako nyuma yako. Wamevaa tayari.

Mwenyezi Mungu akupe safari ya heri na akurudishe nyumbani salama. Na siku wanao watakapokuita mbele ya watu, akujalie uwe karibu, uitike.

Ni sisi,
Kikundi cha Ngoma na Maigizo, Msimbati, pamoja na watoto wake kumi na mmoja.