Fundi Kalafati na Mashua Iliyoitwa Bi Mkubwa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, huyu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mahali ambapo ukifungua dirisha la jikoni unatazamana na mfereji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alipakia matofali, mama yake alishona magunia. Shangazi yake, ambaye kala chumvi nyingi na akili yake bado iko timamu, husema mtoto huyu alitumbukia mferejini akiwa na miaka miwili, na walipomfikia walimkuta kalala chali juu ya maji, ametulia, anatazama mawingu. Shangazi ana tabia ya kunogesha mambo, lakini hili hajawahi kulibadilisha hata neno.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na daraja la chuma, kisha akaingia shule ya ufundi, upande wa useremala, akahitimu mwaka 1973. Hesabu zilimpiga chenga. Ila mpe ubao, ataugonga kwa kidole na kukuonyesha umeanza kuoza wapi. Cheti chake mama yake alikitundika ukutani mpaka karatasi ikawa rangi ya chai.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye karakana ya mashua, na kazi aliyopewa ilikuwa kukalafati, yaani kushindilia nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta katikati ya mbao na kuziba kwa lami ili maji yasipenye. Ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo. La kwenye kitambulisho lilisahaulika. Mikono yake ilinuka lami siku za kazi na siku za mapumziko, na mtu akimlalamikia alimnusisha zaidi.

Mashua yake hakuinunua. Mwaka 1984 mbeba mchanga mmoja alifariki kwa ugonjwa wa maji kifuani, na mjane wake akaomba karakana imtume mtu wa kuitazama mashua ya marehemu. Fundi Kalafati aliikuta gatini imejaa maji mpaka kwenye mabenchi. Yule mama alisimama mbali, juu kwenye ngazi, akamwambia asiiguse. Alitaka tu kujua kama itazama yenyewe au la. Lakini fundi hakuwa mtu wa kutazama mashua ikifa mbele ya macho yake. Alivua viatu, akashika kopo, akaanza kufua maji, akayatoa yote mpaka mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ukaonekana. Alipoinua kichwa alimkuta mama analia. Akampa ufunguo na hati, akakataa hata shilingi.

"Umeshafua maji yake," akamwambia. "Basi ni yako. Mimi nilikuwa naomba izame."

Tarehe 12 Aprili 1986 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo wa mtaa wa pili, huyu tuliyenaye hapa mbele. Yeye ndiye aliyeipa mashua jina la Bi Mkubwa, kwa kuwa aliikuta, naye akajiita bi mdogo bila kinyongo. Ilikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Wako mezani wanakula, baba anaweka kijiko chini, anashika kifua, anasema ubao wa tatu kushoto unavuja. Mkewe anamjibu, nenda basi, mwenzangu anakuita. Anashuka gatini, na kweli, ubao wa tatu kushoto unavuja. Watoto walicheka. Bintiye mkubwa, ambaye tangu utotoni alikuwa kivuli cha baba yake, ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aligundua kwamba baba hakosei, na kwamba kila anapotaja ubao anakohoa.

Mashua ile ilibeba mchanga, matofali, vitanda vya waliohama, na wanafunzi siku za matembezi. Ilisomesha watoto watatu, hilo lisemwe. Kila mwaka fundi alitoa ubao mmoja au mbao mbili zilizochoka akaweka mpya, mpaka ikafika mahali hakuna ubao wa mwaka 1984 uliobaki, isipokuwa mkuku. Hata hivyo, benchi la nyuma lilikuwa na kibonyeo, kama mahali alipozoea kukaa mtu mzito. Fundi alibadilisha benchi lile mara nne. Haukupita mwaka kibonyeo kikarudi palepale, na yeye hakuwa mzito, wala hakuwahi kukaa upande ule. Binti alipomuuliza, alisema mbao zina mambo yake, akageuza mazungumzo. Mkewe hakukanyaga ndani ya Bi Mkubwa hata siku moja. Alisema wake wenza hawaingiliani vyumba.

Kikohozi kilimshika sawasawa mwaka 2021. Januari 2023 alilazwa, na madaktari wakatoa maji kifuani mwake kwa sindano. Yalikuwa ya kahawia, na yalinuka lami, hata muuguzi akafungua dirisha na kuuliza mzee amekunywa nini. Alasiri ileile mlinda lango la mfereji, rafiki yake wa miaka mingi, alimpigia simu bintiye mkubwa. Alisema jana aliiona Bi Mkubwa ina maji ya kutosha, leo ni kavu kama sakafu ya jikoni, na hakuna mtu aliyeigusa. Binti ni fundi wa pampu za maji. Anajua maji yanakwenda yanakosukumwa, na hayaondoki bure. Moyo wake ulikuwa mzito aliporudi wodini, na baba yake akamsoma usoni.

"Mwanangu," akasema, "nikiondoka, ile iache izame palepale. Asifue mtu maji yake. Hata kopo moja. Iishie kwangu."

Binti aliahidi.

Sasa, mbao za mashua zina tabia moja ambayo kila mtu wa mfereji anaijua. Zikiwa majini hunywa, huvimba, zikabanana. Zikitolewa nchi kavu hunywea, na nyufa hufunguka. Binti aliijua tabia hiyo tangu akiwa na meno ya utoto. Lakini aliogopa Bi Mkubwa itazama baba akiwa bado hai na habari zitamvunja moyo, kwa hiyo alifanya lililomjia haraka. Aliahidi kutofua maji; hakuahidi kutoivuta mashua. Mwishoni mwa Februari yeye na mlinda lango waliitoa mferejini kwa winchi, wakaiegemeza kwenye magogo ukingoni, juani, binti akaenda zake akiwa ametua mzigo.

Juma hilohilo baba alishikwa na kiu. Alikunywa jagi baada ya jagi na bado akaomba. Midomo ilipasuka, ulimi ukakwama. Madaktari walibadilisha dripu, kiu ikabaki palepale. Binti alipomshika mkono aliona viganja vimechanika, na michaniko ile haikufuata mistari ya kiganja. Ilikwenda kwa urefu, imenyooka, ikipishana kwa nafasi sawa. Hakumwambia mtu. Kutoka wodini alikwenda moja kwa moja ukingoni, akachutama karibu na mashua, akaona mwanga wa upande wa pili ukipenya kati ya mbao. Alimwomba mlinda lango waishushe majini saa ileile.

Na kama ilivyo kwa mashua yoyote iliyokauka, ilianza kujaa.

Mama yake alipiga simu kwa furaha kwamba mgonjwa midomo imelainika na anaongea. Muda si mrefu akapiga tena, sauti imebadilika: kifua kinajaa, anapumua kwa shida, na daktari amesema moyo hauwezi kuvumilia sindano nyingine. Binti alikuwa gatini, anaitazama Bi Mkubwa ikishuka taratibu, na pampu ya kazini ilikuwa kwenye buti la gari. Mlinda lango alimwona anakwenda kuitoa, akamshika bega, akamkumbusha kwamba mzee alikataza. Alimsihi sana. Yeye mwenyewe, alisema, asingegusa maji yale kwa hali yoyote.

"Alisema akiondoka," binti akajibu. "Bado hajaondoka."

Akawasha pampu.

Mama anatusimulia kwamba alasiri ile ilikuwa kama zawadi. Marehemu aliinuka akakaa, akapumua bila mluzi kifuani, akaomba chai na chanuo. Alimtania muuguzi. Alimshukuru mkewe kwa kuvumilia kuwa wa pili miaka yote, na mkewe akamwambia akome, watu wanasikia. Walicheka wote wawili. Kisha akauliza bintiye mkubwa yuko wapi. Mama hakujua lolote kuhusu ile ahadi, akamjibu kwa moyo mweupe kwamba yuko gatini, anamtolea maji mashua yake.

Marehemu aliweka kikombe chini. Akasema, "Mwambie aache." Mama alipiga simu ikaita mpaka ikakatika, kwa kuwa pampu ilikuwa inanguruma na binti hakusikia. Akapiga tena. Marehemu akamwambia basi, mama watoto, imeshachelewa. Akajilaza upande wa dirisha. Aliaga dunia jioni ya tarehe 2 Machi 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, na daktari aliyempima alisema hakuelewa kilichomchukua, kwa maana kifua kilikuwa kikavu kabisa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja wa kiume, wajukuu wanne, shangazi yake, dada zake wawili, na watu wa mfereji ambao hatuwezi kuwahesabu. Anasomewa wasifu huu na mpwa wake. Bintiye mkubwa ndiye aliyeuandika sehemu kubwa, na ndiye aliyepaswa kusimama hapa. Mtaona hayupo. Tulipotoka nyumbani nyuma ya jeneza alikuwa pamoja nasi, kamshika mama yake mkono. Tulipofika kwenye kona ya karakana alisimama ghafla, akaweka kiganja kifuani, akasema tutangulie. Hakuna aliyemwita, na simu haikulia. Mama yake alimwambia leo ni siku ya baba, mashua ingoje. Akajibu taratibu kwamba angependa sana, ila haiwezi kungoja, imeanza kuingiza maji. Akavua viatu vya mazishi, akashuka.

Anaomba radhi kwenu nyote, na kwa baba yake zaidi. Anasema hajutii ile alasiri, na angeambiwa achague tena angewasha pampu tena. Tukimaliza hapa, wengi wetu tutarudi kwa njia ya mfereji, na tutamkuta gatini ameinama, kwa kuwa pampu imekataa kuwaka tangu asubuhi na anafua kwa mkono. Ametutumia ombi moja, na amelirudia mara mbili ili lisisahaulike, hasa kwa mdogo wake wa kiume ambaye ana huruma kama baba yao: tumsalimie tukiwa juu kwenye ngazi, tupite, na mtu yeyote asimpokee kopo.

Fundi Kalafati amemaliza kazi yake. Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani.