Kapu la Kisamvu la Marehemu Marhoon bin Yaarub

Wafiwa, majirani na nyote mliofika kwenye khitma hii ya siku ya tatu, assalaam alaykum. Mimi ni Ishaq, mpwa wa marehemu. Mama yangu, Bi Aliya, ameniomba nisome maneno mazuri tu. Nitajitahidi, ingawa ananijua kuwa si mtu wa kuamini upesi.

Marehemu Marhoon bin Yaarub alizaliwa tarehe 9 Agosti 1914, mtaa wa Mkunazini, Unguja. Baba yake alikuwa mtu wa Izki, Omani, na mama yake, Bi Mahbuba, alikuwa Mmanyema. Mwaka uliofuata akazaliwa ndugu yake, Majid, kwa mke mwingine aliyeletwa kutoka Izki. Marhoon alichukua weusi wa mama yake na Majid akachukua weupe wa mama yake yeye. Walilelewa nyumba moja, wakavishwa kanzu za kitambaa kimoja, na mama yangu, dada yao, anasema hakuna aliyewatofautisha ila kwa utundu. Majid ndiye aliyekuwa mtundu.

Alisoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani, kisha skuli ya serikali hadi darasa la nane mwaka 1931. Mwaka 1933 aliajiriwa kuwa karani wa forodha bandarini Unguja, akaitumikia kazi hiyo hadi Januari 1964. Kazi yake ilikuwa kupekua mizigo, na vijana aliowafundisha aliwaambia neno moja: "Pekua mzigo, usipekue sura." Tukumbuke hilo, maana mbele litatufaa.

Tarehe 14 Juni 1941 alimuoa Bi Mahfoudha, wakajaaliwa Nasriya na Aflah. Baada ya mapinduzi wao na Majid walikaa Dar es Salaam mwaka mzima, wakafika Maskati Machi 1965. Marehemu akapata kazi ya kutunza bohari ya mfanyabiashara mmoja Matrah. Hakuwahi kulalamika kuhusu joto wala maji ya chumvi. Alilalamikia mboga.

Bi Mahfoudha alikuwa amevileta vipande vya miti ya muhogo, kavifungia ndani ya kanga mbichi kama mtoto mchanga. Vilipandwa Ansab, nje ya mji, kwenye shamba la rafiki, vikashika. Tangu hapo ndugu wawili hao walikuwa wakienda Ansab kila wiki na kurudi mjini na makapu ya majani kwa ajili ya kisamvu. Kuingia mjini lazima upite lango lenye askari, na hapo langoni ndipo penye habari yangu.

Jani la muhogo lina vidole kama jani la bangi, hilo sikatai. Mwezi wa Mei 1967 askari wa zamu alimsimamisha marehemu, akachota majani, akayanusa.

"Bangi hii," alisema. "Nyinyi watu wa Zinjibar ndio kazi yenu."

"Mboga hii, mwanangu," marehemu alimjibu. "Twaitwanga, twaipika kwa nazi."

Majid alikuwa ubavuni pake. Akaliweka kapu lake chini, akalifunua.

"Mimi nami nnalo kapu hilihili, majani ya mti mmoja. Mbona mimi huniulizi?"

"Wewe pita, shekhe," askari alisema.

Marehemu akatiwa ndani. Bi Mahfoudha alikibeba kinu chake hadi mbele ya ofisi ya askari, akatwanga, akapika, akala mbele ya mkubwa wao. Mkubwa naye alionja, tena akaongezwa. Akakubali kuwa ni mboga, lakini akasema mtu mwenyewe bado anachunguzwa. Mboga iliondolewa lawama zote. Mwenye mboga alibaki mahabusi hadi mwisho wa Juni, akilala sakafuni penye maji. Nanyi mnajua, wakati huohuo moshi wa bangi ya kweli ulikuwa ukitoka kwenye baraza za watu weupe kuliko yeye, na hakuna askari aliyebisha hodi huko. Mama yangu ananitazama. Naendelea.

Alipotoka, Majid alimsihi: "Nipe mimi makapu yote mawili, kaka. Mimi hawanigusi."

"La," marehemu alisema. "Nataka siku moja nipite na kapu langu, nitoe salamu, niitikiwe, basi. Kama wewe."

Akaendelea kulibeba, na kila safari akipekuliwa. Mwaka huu, aliposhika Sultani mpya, milango ya mji ikaachwa wazi, watu wakashangilia, naye akavaa kanzu mpya, akaenda Ansab na kurudi. Wakampekua.

Kifua kilimshika tangu mahabusi. Daktari alisema ni umri. Mimi umri wa namna hiyo siujui, unaomwingia mtu Mei ukamtoa damu Julai. Tangu Oktoba hakutoka kitandani. Alifariki Alkhamisi, tarehe 17 Disemba 1970, baada ya Alasiri, Majid akiwa amemshika mkono.

Ijumaa tulimpitisha langoni kumpeleka makaburini. Zamu ilikuwa ya askari yuleyule. Alituona, akasimama wima, akaweka mkono kifuani, akaitikia salamu yetu. Marehemu akapita bila kupekuliwa. Mama yangu alipoambiwa alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma, nikaona kuwa aliyeshika jeneza mbele alikuwa Majid, na hadi leo sijui askari alimheshimu maiti au uso wa aliyembeba.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mahfoudha; watoto, Nasriya na Aflah; dada, Bi Aliya; ndugu, Majid, ambaye tangu juzi hajala; na miti ya muhogo huko Ansab.

Mola ampe mapumziko mema. Malaika wa kaburini wamekwisha kumuuliza maswali yao, na hao siwashuku: humuuliza kila mtu, mweusi na mweupe, maswali yaleyale.